Ambari, Kome na Mkilua: Biashara ya Harufu katika Ghuba ya Chole

Ndugu zangu wa Chole, Juani, Jibondo, Utende na Kiegeani, ninyi mlioko nyumbani na sisi tulioko Dar es Salaam na kwingineko,

Katika mkutano wa mwaka jana lilitolewa pendekezo kwamba chama kitoe mtaji kwa vijana wanaozamia, ili wakusanye vifuniko vya kome. Tuliambiwa mnunuzi yupo, analipa taslimu, na mzigo unakwenda Arabuni kutengenezwa manukato. Nilikuwa miongoni mwa walioomba jambo hilo lisimame kwanza. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika vitabu vya hesabu, wengine walidhani nabana fedha. Nimepewa kurasa hizi nijieleze, na maelezo yangu yatakuwa ya historia kuliko ya hesabu, kwa sababu pwani yetu haianzi leo kuuza harufu.

Ya kwanza ni ambari. Mwaka 916 msafiri wa Baghdad aitwaye al-Masudi alifika Qanbalu, kisiwa cha nchi ya Zanj ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa ni Pemba. Aliandika kwamba ambari bora kuliko zote hupatikana katika visiwa na fukwe za bahari hii yetu, ya mviringo, rangi ya samawati iliyofifia, na pengine bonge moja hufikia ukubwa wa yai la mbuni. Miaka mia tatu baadaye, mwaka 1225, afisa wa China aliyesimamia biashara ya bandari ya Quanzhou, Zhao Rugua, aliandika kitabu juu ya nchi za ng'ambo. Alipofika kwenye nchi aliyoiita Cengba, ambayo ni pwani ya Zanj, alitaja bidhaa zake: pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali wa njano. Bidhaa nne, na mbili kati ya hizo ni za kunukia. Wala yeye hakuwahi kufika huku. Aliuliza wafanyabiashara waliofika bandarini kwake.

Hakuna kati yao aliyemtaja mtu wa Mafia. Lakini zama hizo Kisimani Mafia ulikuwa mji, na habari za kale za Kilwa zinaitaja Mafia tangu mwanzo wa usultani ule. Bahari iliyotupa ambari ufukweni Pemba na Unguja haikuwa na sababu ya kuiruka Juani.

Wengi wetu tunalijua neno ambari kuliko tunavyoijua ambari yenyewe, basi niieleze. Yuko nyangumi mkubwa mwenye meno anayezamia kina kirefu kula ngisi. Ngisi ana mdomo mgumu kama wa kasuku, usiosagika tumboni. Katika matumbo ya baadhi ya nyangumi hawa, midomo hiyo huzungukwa na kitu kama nta, na bonge hilo hutoka likielea. Likiwa bichi ni jeusi na linanuka vibaya. Likipigwa na jua na chumvi kwa miaka, hugeuka kijivu, na uvundo ukawa harufu tamu ya bahari, tumbaku na mti mkavu. Watengeneza manukato hawaipendi kwa harufu yake tu, bali kwa sababu huishikilia harufu ya vitu vingine isiruke upesi. (Na vijana wa Kilindoni wasihangaike na papa potwe. Yule ni samaki, si nyangumi, na hana ambari.)

Kwa macho ya mhasibu, ambari ni mapato ya ajabu. Haina mtaji, haina mbegu, haina msimu. Huwezi kuitafuta kwa kukusudia. Aliyeiokota hajapunguza chochote baharini, maana nyangumi alikwisha kuitoa akaenda zake. Hata leo hutokea. Mwaka 2021 wavuvi 35 wa Yemen walikuta mzoga wa nyangumi ukielea katika Ghuba ya Aden, ndani yake mna kilo 127 za ambari. Waliiuza kwa takriban dola milioni 1.5, yaani karibu dola 11,800 kwa kilo, wakagawana, na sehemu wakawasaidia wasiojiweza kijijini kwao. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa ofisini, nikasahau kazi iliyokuwa mbele yangu nikaanza kupiga hesabu ya jahazi.

Lakini bahati haiwekwi kwenye bajeti. Zaidi ya hapo, tangu 1950 wanakemia wanajua kutengeneza kiini cha harufu ya ambari kutokana na mmea wa shambani, na viwanda vingi vinatumia hicho. Tena Marekani, Australia na India zimepiga marufuku biashara ya ambari yenyewe ili kumlinda nyangumi. Basi atakayeiokota asikimbilie mnunuzi wa simu. Aulize kwanza ofisi ya hifadhi pale Utende.

Ya pili ni sandarusi, nami nitaipitia haraka, kwani ilichimbwa zaidi bara, mbele yetu, toka Rufiji hadi Kilwa. Ni utomvu wa mti uliozikwa ardhini kwa muda mrefu. Watu wa pwani waliufukiza. Wamarekani wa Salem, Massachusetts, waliununua kwa wingi katika karne ya 19 kutengeneza vanishi. Ninachotaka mkione ni jina. Mali iliyochimbwa na watu wa bara iliitwa sokoni "sandarusi ya Zanzibar", kwa sababu bandari ndiyo iliyoandika hati. Sisi wenyewe tulipata kuandikwa namna hiyo. Baada ya makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1890, Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 kwa ajili ya ukanda wa pwani pamoja na Mafia. Ni jumla moja, hesabu moja. Natamani siku moja nione mchanganuo, Chole tulikadiriwa shilingi ngapi.

Sasa kome. Kome mkubwa wa miamba, hasa yule mwenye matawi kama miiba, ana kifuniko kigumu cha rangi ya hudhurungi kinachoziba mlango wa nyumba yake akijificha. Nyumbani tumezoea kukitupa pamoja na gamba. Waarabu wanakiita kwa jina lenye maana ya kucha za manukato, na kinaingia katika buhuri za Ghuba ya Uajemi na Sudan hadi leo. Wataalamu wengi wanaamini kwamba hata uvumba mtakatifu uliotajwa katika Taurati, kitabu cha Kutoka, ulikuwa na kitu cha namna hii. Ukikichoma peke yake kinanuka kama nywele zilizoungua. Kikisafishwa, kikasagwa na kuchanganywa na udi, msandali na mafuta, kinafanya kazi ileile ya ambari: kinashikilia harufu.

Kazi ni moja, lakini hesabu ni kinyume kabisa. Ambari hutolewa na nyangumi aliye hai akaendelea na safari yake. Kifuniko hakitoki mpaka kome afe. Kome mmoja ana kifuniko kimoja. Tukifanya ukarimu tukasema kila kifuniko kikavu kina gramu 10, kilo moja ni kome 100. Tena kome hawa hukusanyika wengi mahali pamoja wakati wa kutaga, majike wakiweka mayai yao kwenye lundo moja. Mzamiaji akilikuta kundi hilo anashangilia, kumbe amekuta wazazi wa miaka ijayo. Kwa lugha ya kazi yangu, huko ni kuuza mtaji na kuuandika kama faida. Mwaka wa kwanza vitabu vinapendeza sana.

Bara walikwisha kufanya hivyo na msandali wetu wa Afrika Mashariki. Mafuta yake yamo hadi kwenye mizizi, kwa hiyo wanunuzi walitaka mti ung'olewe mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa nchi zetu ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Waliong'oa walilipwa mara moja. Mti hauoti tena kwa risiti.

Nasi tuna jambo jingine la kuzingatia. Ghuba ya Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Najua hifadhi ina lawama zake vijijini, na baadhi nazikubali. Lakini walio na umri wangu wanakumbuka milio ya baruti. Chama hiki hakiwezi kuchangisha fedha mjini kwa jina la ghuba, kisha kikawa mnunuzi wa kome wake.

Mtaniuliza: basi harufu ya kuuza ni ipi? Jibu nililipata kwa bibi zetu, ambao hakuna msafiri aliyewaandika. Mwanamke wa pwani hakungoja ambari. Kikuba chake alikifunga kwa asumini, mrehani, mkadi na kilua, vyote vya uwanjani. Asumini ilichumwa jioni ingali vikonyo, ifumbuke usiku kifuani au kwenye nywele. Ua la mkadi liliwekwa sandukuni katikati ya kanga, na sanduku likifunguliwa baada ya miezi, chumba kizima kinajua.

Na mkilua ni mti wetu hasa. Asili yake ni pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa Kew, Uingereza, alipouandika kisayansi aliona hauna ndugu wa kuwekwa naye pamoja, akaufanyia jenasi yake peke yake na kuiita kwa jina la Kiswahili: Mkilua fragrans. Sandarusi ilichukua jina la bandari, ambari ilichukua jina la Zanj nzima, lakini kijiti hiki cha uani kiliingia katika vitabu vya dunia kwa jina walilokiita wanawake waliokichuma.

Sisemi maua ni rahisi. Kilua kinanyauka siku hiyohiyo, na soko la maua mabichi liko mbali na boti ya Kilindoni. Wapo waliosema tununue mtambo wa kukamulia mafuta kwa mvuke kama wa langilangi kule Komoro. Komoro wamekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani, na inatakiwa takriban kilo 50 za maua kupata kilo moja ya mafuta. Ila mtambo ule hula kuni saa nyingi, na misitu ya Nzwani imelipia. Kwetu kuni hizo zingetoka kwenye mikoko. Afadhali mfano wa Pemba, ambako makonyo, yale yanayobaki karafuu zikishachambuliwa, yanakamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Walianza na kilichokuwa kikibaki.

Kwetu kinachobaki ni nazi. Maua yakilowekwa katika mafuta safi ya nazi, yakabadilishwa kila siku kwa wiki kadhaa, mafuta huichukua harufu bila kuni hata moja. Ni kazi ya subira, na wanawake wa Chole na Juani wanaijua. Pendekezo la kamati mwaka huu ni kitalu kimoja cha mkilua, mkadi na asumini, na vyombo vya kukamulia mafuta ya nazi kwa kikundi kimoja cha kina mama. Faida ya mwaka wa kwanza nimeiandika sifuri, kwa sababu miche itakuwa bado midogo. Baadhi ya wajumbe walinisihi niweke japo kidogo, karatasi isitishe wachangiaji. Nimeiacha sifuri.

Fomu ya mchango iko ukurasa wa mwisho. Chini yake nimeongeza mstari mmoja: mwenye mkilua au mkadi uwanjani kwao, Mafia au popote pwani, aandike ni kijiji gani na nani aombwe ruhusa. Mbegu tunazihitaji kabla ya masika, na hazinunuliwi dukani.