Kinini, Klorokwini na Mlango wa Kimelea: Utafiti wa Rowena Martin

Katika Kiswahili cha Bukavu kidonge cha dawa yoyote huitwa kinini. Neno hili limetokana na kwinini, dawa ya malaria ambayo kiwanda cha Pharmakina, mjini kwetu, kiliikamua kwa miongo mingi kutoka katika magome ya mkinkina. Kwa hiyo historia ya dawa za malaria haiko mbali na sisi tunaoshughulika na lugha. Makala haya yanakusudia kufuata kazi ya mtafiti mmoja, Rowena Martin wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, aliyechunguza namna dawa inavyopita katika utando wa kimelea cha malaria.

Hapana budi kuanza na klorokwini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934. Kimelea, kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, humeng'enya hemoglobini katika kifuko chenye asidi. Masalio yenye madini ya chuma ni sumu kwake, naye huyagandisha yakawa fuwele zisizodhuru. Klorokwini hujilimbikiza katika kifuko hicho na kuzuia kuganda huko, kimelea kikafa kwa sumu ya mlo wake mwenyewe. Ukinzani ulijitokeza Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, ukaonekana Afrika Mashariki mwaka 1978. Mwaka 2001 nchi yetu nayo ikaiacha klorokwini.

Mwaka 2000 David Fidock na wenzake waliitambua jeni inayohusika, pfcrt. Protini yake ina asidi amino 424. Ile ya 76, ambayo wanabiolojia huiandika K, ilikuwa imegeuka T katika vimelea sugu. Mwanaisimu ataelewa upesi: ni tofauti kama ya paka na pata. Lakini kuiona herufi iliyobadilika si kujua kazi ya neno zima. Je, protini hii ilikuwa mlango wa kuitolea dawa, au ilibadili tu hali ya kifuko hata dawa isijilimbikize? Wataalamu walibishana kwa miaka kadhaa.

Martin alianza na kompyuta. Pamoja na Kiaran Kirk aliulinganisha mfuatano wa protini hiyo na protini za viumbe vingine, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba ni ya ukoo wa protini zinazopitisha dawa na kemikali nyingine katika utando. Njia yenyewe si ngeni kwetu. Omuntu ya Mashi, moto ya Kilingala na mtu ya Kiswahili zina sura tatu, lakini anayelinganisha sauti kwa utaratibu huuona ukoo wao. Mwaka 2005, kwa kutumia jenomu ya kimelea iliyochapishwa mwaka 2002, Martin na wenzake walitoa orodha ya protini za upitishaji zaidi ya 100.

Hata hivyo, ukoo hauthibitishi kazi, na hapa ndipo ninapoustahi zaidi utafiti huu. Watafiti waliiingiza protini katika mayai ya chura wa jenasi Xenopus (jenasi ambayo spishi yake mojawapo, Xenopus itombwensis, ilielezwa mwaka 2008 kutoka milima yetu ya Itombwe). Waliirekebisha ili ikae katika utando wa nje wa yai, wakaliweka yai katika maji yenye asidi, mfano wa kile kifuko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: protini ya vimelea sugu iliipitisha klorokwini, ile ya vimelea visivyo sugu haikuipitisha. Kwinini, mzee wa Bukavu, ilionekana kuuzuia upitishaji huo.

Lilibaki swali: mlango huo uliumbwa kwa ajili gani, kwa kuwa kimelea hakikuingoja dawa ya mwaka 1934? Jibu lilikuja mwaka 2020, katika kazi ya Sarah Shafik, Martin na wenzao: hutoa katika kifuko vipande vidogo vya protini iliyomeng'enywa. Mlango uliogeuzwa ili kutoa dawa huvipitisha vipande hivyo kwa udhaifu. Kimelea sugu hulipia usugu wake kwa chakula. Tukisoma tena habari za Malawi, zinaeleweka vizuri zaidi. Huko klorokwini iliachwa mwaka 1993, vimelea vyenye K vikashika tena nafasi yao, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 dawa hiyohiyo iliwaponya watoto kwa asilimia 99.