Wosia wa Mama na Sauti ya Siti

Watu wengi hudhani kwamba kijana hulelewa na wawili tu: mzazi nyumbani na mwalimu shuleni. Lakini historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki yatuonyesha mlezi wa tatu, naye ni shairi. Kabla ya shule za serikali kujengwa, na hata baada ya kujengwa, vijana wa pwani walijifunza jema na baya kwa tenzi zilizosomwa barazani na kwa nyimbo zilizoimbwa ngomani. Katika insha hii tutawatazama walezi watatu wa namna hiyo, tuone walifundisha nini, na ni kwa kiasi gani yatupasa kuwasikiliza.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, ambacho leo ni sehemu ya Kaunti ya Lamu. Bwana Mataka alikuwa mtu wa vita. Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alitaka kuitiisha Siyu, na katika miaka ya 1840 alipeleka majeshi yake huko. Lakini watu wa Siyu waliyapiga yakarudi nyuma. Bwana Mataka alifariki yapata mwaka 1856. Miaka michache baadaye, mwaka 1863, Siyu ikaangukia mikononi mwa Sultani Majid.

Basi kati ya kifo cha mume na kuanguka kwa mji, Mwana Kupona alikuwa mjane, tena mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa umetimiza mwaka mzima. Alikuwa na binti, jina lake Mwana Hashima, aliyekwisha kufiwa na baba na ambaye huenda karibu angefiwa na mama pia. Mwaka 1858 Mwana Kupona akamwita binti huyo aje karibu, alete wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti 102. Haikupita miaka mingi ila Mwana Kupona naye akafariki. Fikirini, wasomaji vijana: mama ajua ya kuwa hatakuwapo mwanawe atakapoingia katika maisha ya ukubwa, na mali pekee asiyoweza kunyang'anywa mtoto yule na mwenye nguvu ye yote ni maneno yaliyokaa moyoni mwake.

Ndiyo sababu ya kuchagua utendi wala si barua. Kila ubeti wa utendi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti, tangu mwanzo hata tamati. Msomaji akisahau neno, kina humkumbusha. Akiruka kipande, sikio humwonya. Katika siku ambazo miswada ilinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, jambo hilo lilikuwa na faida kubwa, maana hata asiyejua kusoma aliweza kuuhifadhi utendi kwa kuusikia. Kwa njia hiyo wosia wa mtoto mmoja ukawa wosia wa mabinti wengi wa Lamu na Mombasa, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakaupiga chapa kitabuni.

Mafundisho yake ni gani? Mama amwambia bintiye ashike dini. Awe na adabu na ulimi mwema, ili apendwe kila aingiapo. Awe mkweli, wala asifuatane na mtu asiyeshika haki. Hayo hapana awezaye kuyapinga. Kisha amweleza kwa urefu jinsi ya kumtii mume na kumpendeza. Tena amwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, kwa kuwa watampotosha.

Hapo msomaji wa leo hana budi kusimama. Mwana Kupona aliishi katika jamii iliyokuwa na mabwana na watumwa, naye alikuwa mke wa bwana. Aliona ya kuwa heshima ya binti wa kiungwana hulindwa kwa kumweka mbali na walio chini. Huo ulikuwa mtazamo wa watu wa tabaka lake. Utumwa haukupigwa marufuku Unguja mpaka mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Sasa tumtazame mlezi wa pili. Yapata mwaka 1880, huko Fumba katika kisiwa cha Unguja, alizaliwa mtoto wa kike katika ukoo wa watumwa. Utotoni hakupata elimu, akauza vyungu mjini ili apate riziki. Baadaye akajifunza kuimba, akajulikana kwa jina la Siti binti Saad. Kabla yake taarabu ilikuwa burudani ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, ikafahamika kwa mchukuzi na kwa mpishi. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri, nazo zikauzwa katika miji ya Afrika ya Mashariki.

Baadhi ya nyimbo hizo zilikuwa za mapenzi, lakini nyingine zilikuwa mafundisho ya haki. Mmoja unaokumbukwa hata leo ni ule wa Kijiti. Wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji alitoroka akaenda bara, na mahakama badala yake ikawaadhibu wanawake waliotoa ushahidi. Siti hakuwa na cheo wala mamlaka ya kuipindua hukumu ile. Alichoweza ni kuiimba, na kila aliyesikia santuri ile, awe mkubwa au mdogo, alijifunza kwamba hukumu ya wakubwa yaweza kuwa si ya haki, na kwamba kuisema wazi dhuluma ni wajibu.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mtu wa asili ile ambayo Mwana Kupona alimwonya bintiye ajitenge nayo, ndiye aliyesimama katika karne iliyofuata akawa mwalimu wa maadili ya umma. Aliyedhaniwa kuwa atapotosha ndiye aliyeonya.

Mlezi wa tatu, Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliwafahamu wote wawili. Alipofiwa na mkewe Amina, aliachwa na watoto wadogo, akafanya kama alivyofanya mjane wa Siyu: akamtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Ukiuweka ule wa Hati kando ya utendi wa Mwana Kupona, utaona kwamba ni wa ukoo mmoja. Lakini Shaaban Robert huyohuyo aliandika pia Wasifu wa Siti binti Saad, akamtukuza mwimbaji yule wa asili ya chini awe mfano kwa watu wote. Hakuona lazima kumtupa mmoja ili amshike mwingine.

Nasi twaweza kufuata mwendo huo. Usomapo wosia wa kale, jiulize ni neno gani lililotoka katika desturi za wakati wake, na ni neno gani lililotoka katika moyo wa mtu amtakiaye mwenzake mema. Amri ya kujitenga na watumwa ilikufa na utumwa wenyewe. Amri ya kuwa mkweli haikufa. Tena mwangalie mtunzi pamoja na maneno yake. Mwana Kupona alihimiza utii, lakini yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye elimu, aliyeshika kazi ya kufundisha wakati ugonjwa ulikuwa umemlaza, na utendi wake ukadumu kuliko enzi ya mumewe. Binti asomaye utendi ule leo hupata maneno ya mama, na pia hupata kitendo cha mama. Na pengine kitendo hicho kina mengi ya kumfunza ambayo maneno hayakuyataja.

Kadhalika na nyimbo za siku hizi, ziwe za redio au za simu ya mkononi. Nazo zinalea, tutake tusitake, maana huimbwa mara nyingi hata zikakaa moyoni kama beti zilivyokaa moyoni mwa Mwana Hashima. Kijana asiyepima maneno ayaimbayo amejikabidhi kwa mlezi asiyemjua.