Kabati la kupigia mchanga: Hatari imo katika vumbi

KABATI la kupigia mchanga ni sanduku la chuma lililofungwa, ambamo hewa ya kompresa hurusha chembechembe ngumu kubandua kutu na rangi kuukuu. Fundi hufanya kazi kupitia glavu ndefu zilizoshikizwa kwenye sanduku, akitazama kwa dirisha la kioo.

Kwa mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma wanaokarabati plau na baiskeli, kifaa hiki huokoa saa nyingi za kupiga msasa. Hata hivyo, mchanga wa mto, ingawa ni rahisi kupatikana, haufai. Una silika, na chembe zake zikivunjika hutoa vumbi laini linalotia mapafu makovu. Maradhi hayo, silikosisi, hayana tiba, nayo huzidisha hatari ya kifua kikuu. Uingereza iliupiga marufuku katika kazi hiyo kwa kanuni za mwaka 1949.

Badala yake hutumiwa ganeti au oksidi ya alumini. Mlango haufunguliwi kabla feni haijafyonza vumbi lote, na nguo hazipulizwi kwa hewa ya kompresa. Karakana ikiwa uani, vumbi linalotoroka huwafikia hata watoto.