Arseniki na Tiba ya Malale Kando ya Ziwa Victoria

Arseniki, inayofahamika zaidi kama sumu, ndiyo iliyokuwa msingi wa tiba ya malale kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Malale huletwa na tripanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, ambavyo vikifika kwenye ubongo humvurugia mgonjwa usingizi na akili, na asipotibiwa hufa.

Mlipuko uliozuka Uganda mwanzoni mwa karne hiyo uliua watu zaidi ya 200,000, na Wajerumani waliotawala upande wa kusini wa Ziwa Victoria wakahofia kwamba ungevuka mpaka. Mwaka 1906 walimtuma Robert Koch, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka uliotangulia, ambaye alianzia Mwanza, lakini kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache huko, alihamia visiwa vya Sese, Uganda. Dawa yake ilikuwa atoksili, mchanganyiko wa arseniki uliobuniwa Ufaransa mwaka 1859. Mgonjwa alichomwa nusu gramu chini ya ngozi kwa siku mbili mfululizo, kisha tena baada ya siku kama kumi. Vimelea vilitoweka katika damu na wagonjwa wakapata nafuu, lakini wengi waliugua tena, na dozi ilipoongezwa hadi gramu moja, wagonjwa 22 walipofuka kabisa kwa sababu arseniki iliharibu mishipa ya fahamu ya macho. Hata hivyo dawa hiyo iliendelea kutumika katika kambi za Wajerumani, zikiwamo Kigarama karibu na Bukoba na Shirati.

Mwaka 1922, Waingereza wakiwa watawala badala ya Wajerumani, malale ilizuka Maswa, mashariki ya Mwanza, safari hii ikiwa aina iitwayo rhodesiense, ambayo huua upesi zaidi. Kwa aina hii, ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, tegemeo kuu tangu mwaka 1949 lilikuwa melarsoproli, nayo ya arseniki, inayounguza mshipa inapochomwa na kudhuru ubongo wa mgonjwa mmoja kati ya 10 hadi 20, ambao takribani nusu yao hufariki.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli visivyo na arseniki kwa aina hii ya rhodesiense, ingawa watoto wa chini ya miaka 6 au kilo 20, ugonjwa ukishawafika kwenye ubongo, bado hutibiwa kwa melarsoproli.