Nyumbu wa Serengeti na Sindano ya Ng'ombe (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa niko kibarazani hapa Kamunyonge na chai yangu. Sehemu ya 1 tulikwenda Mwitongo, Butiama, kwenye kaburi la Mwalimu na msitu wa Muhunda. Leo twende porini kabisa: Serengeti.

Kwanza niwaulize. Wewe wa Musoma, umepita barabara ya Mwanza mara ngapi? Ukishapita Bunda, kushoto kuna geti la Ndabaka. Mzungu anapanda ndege kuja kuona kilicho nyuma ya geti lile. Sisi tunalipita tumelala kwenye basi! Halafu kiingilio cha Mtanzania ni cha chini sana ukilinganisha na cha mgeni. Beba tu kitambulisho chako.

Sasa historia. Watu wengi wanadhani Serengeti imekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia: pori tupu na nyumbu wasiohesabika. Si kweli. Mnamo 1890 hivi sotoka iliingia kwetu ikitokea kaskazini, upande wa Ethiopia. Ikafagia ng'ombe, nyati na nyumbu. Mfugaji asiye na ng'ombe atakula nini? Njaa ikaja, na ndui nayo ikaja. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro akaelekea huku ziwani, akakuta Wamasai wamebaki mifupa kwa njaa. Mashamba na malisho yakaachwa, vichaka vikaota, na kwenye vichaka mbung'o wakahamia na malale yao. Kwa hiyo lile "pori tupu" sehemu yake ni mahame ya watu. Ukipita Ikoma au Nata, kumbuka hilo.

Hifadhi ilitangazwa 1951. Lakini sotoka ilikuwa haijaondoka. Kila mwaka ndama wa nyumbu walikufa kwa wingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 260,000 tu.

Hapa ndipo mimi nesi napapenda. Wataalamu wa mifugo walichanja ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Kule Muguga, Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo bora zaidi ya sotoka. Nyumbu hakuchomwa hata mmoja, maana nani angemkamata? Ng'ombe walipokingwa, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, ukatoweka hata kwa nyumbu. Kufikia 1977 nyumbu walikuwa zaidi ya 1,300,000!

Na hayakuishia hapo. Nyumbu wengi wanakula nyasi nyingi. Nyasi zikipungua, moto wa kiangazi unapungua. Moto ukipungua, miche ya miti inakua. Yaani miti mingi utakayoiona kule imeota kwa sababu ng'ombe wa mtu fulani kijijini alichomwa sindano. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imeisha kabisa, ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui.

Kwa nini nawaambia haya? Juzi kliniki mama mmoja aliniuliza, "Nesi, mtoto wa jirani hajachanjwa surua na mbona mzima tu?" Nikamwambia, mama, huyo ni kama nyumbu. Anakingwa na watoto wa wenzake waliochanjwa. Siku wengi wakiacha, yeye ndiye wa kwanza. Na mjue kirusi cha surua ni ndugu wa kirusi cha sotoka, ukoo mmoja kabisa. Surua ni miezi 9 na miezi 18. Usiruke ya pili.

Kwa mtakaokwenda: nyumbu hupita upande wetu wa Mto Grumeti kuanzia kama Mei hadi Julai, japo mvua ndiyo huamua. Mamba wa Grumeti ni wakubwa, kaeni kwenye gari. Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda sana hizo rangi. Vaeni mikono mirefu. Ukirudi ukapata homa au kichwa kikakuuma, usikimbilie dawa za dukani. Nenda kituo cha afya, pima malaria, na umwambie mhudumu kabisa: "Nilikuwa porini." Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha yako, maana malale mwanzoni hufanana na malaria.

Jipangeni na majirani, mchangiane gari, mwende. Mkiona lile kundi linavuka, mkumbuke wale wafugaji waliokubali ng'ombe wao wachomwe.

Sehemu ya 4 tutapanda boti kwenda kisiwa cha Lukuba, na nitawasema kidogo kuhusu kichocho. Haya, naingia kulala, usiku nina zamu tena.