Kutoka Mrija wa Vienna hadi Shinkolobwe: Historia ya Uhamaji wa Chembe kwa Joto

Kuhama kwa chembe ndani ya kimiminika kutokana na tofauti ya halijoto hujulikana katika fizikia kwa jina la athari ya Soret. Jina hilo ni la mtu wa pili. Mwaka 1856, mjini Vienna, Carl Ludwig, mwanafiziolojia wa Kijerumani anayekumbukwa zaidi kwa chombo chake cha kuchora mabadiliko ya shinikizo la damu, alijaza mrija kwa myeyusho wa salfeti ya sodiamu, upande mmoja ukiwa katika joto na wa pili katika baridi. Chumvi iliongezeka upande wa baridi. Ludwig aliandika taarifa fupi mno, kisha akarejea kwenye utafiti wake wa mwili wa binadamu.

Charles Soret wa Geneva alichapisha matokeo yake kuanzia mwaka 1879. Yeye alitumia chumvi ya kawaida na nitreti ya potasiamu, akarudia vipimo kwa myeyusho wa viwango mbalimbali. Mrija wake ulipashwa joto juu na kupozwa chini, kwa sababu kimiminika cha moto ni chepesi. Kikiwa chini hupanda na kuchanganya yote yaliyokwisha kutengana. Uangalifu huo ndio uliompa jina, na si bila haki.

Jambo lenyewe linakwenda kinyume na mazoea. Sukari iliyotiwa katika chai isiyokorogwa huenea polepole mpaka utamu ulingane kila mahali. Tofauti ya halijoto huvunja ulinganifu huo, na maadamu tofauti ipo, utengano hubaki. Kwa hiyo istilahi “mtawanyiko wa joto” inapotosha mara mbili: chembe hazitawanyiki bali hukusanyika upande mmoja, na kinachohama si joto. “Uhamaji kwa joto” inafaa zaidi. Kihusishi “kwa” kinaonyesha kwamba joto ni sababu.

Mwaka 1938, nchini Ujerumani, Klaus Clusius na Gerhard Dickel walikigeuza kile alichokikwepa Soret kuwa msaada. Walitenganisha gesi katika nguzo ndefu ya wima yenye kiini cha moto na ukuta wa baridi, wakauacha mkondo unaopanda na kushuka uzidishe utengano mdogo hadi uonekane. Nchini Marekani, Philip Abelson aliitumia mbinu hiyo kwa kimiminika cha heksafloridi ya urani. Isotopu nyepesi, urani-235, huelekea upande wa moto na kupandishwa juu na mkondo. Mwaka 1944 kiwanda cha S-50 kilijengwa Oak Ridge kikiwa na nguzo 2,142, kila moja yenye urefu wa takriban mita 15: bomba la nikeli lililopitisha mvuke, ndani ya bomba la shaba lililopozwa kwa maji. Kiwango cha urani-235 kilipanda kutoka asilimia 0.7 hadi chini kidogo ya asilimia 0.9. Ongezeko hilo, dogo kwa macho ya msomaji wa kawaida, liliharakisha kazi ya mitambo mingine iliyoandaa urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Hapa historia hii ya Ulaya na Marekani inaingia katika eneo la Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini yake zilisafirishwa hadi New York. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi katika kambi za wafanyakazi wa kampuni hiyo. Vitabu vya fizikia humtaja Soret, mara chache Ludwig, na Shinkolobwe karibu kamwe. Kamusi za sayansi zinazoandaliwa sasa katika nchi za ukanda huu zinaweza kuingiza “uhamaji kwa joto” kama kidahizo, “athari ya Ludwig na Soret” kama kisawe, na kuiweka Katanga katika maelezo ya matumizi yake.