Mwaka Kogwa: Sikukuu ya machipuko inayofanyika Julai

Ifikapo Julai, wapo wenzetu wa Mtoni na kwingineko Temeke wanaopanda boti kwenda Unguja kwa ajili ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Wengi tunaijua sikukuu hii kwa ngoma na shamrashamra. Maana yake je?

Mwaka Kogwa ni Nairuzi, mwaka mpya wa jua uliotoka Uajemi, Iran ya leo. Huko huitwa Nowruz, yaani siku mpya, na huangukia karibu na tarehe 21 Machi, baridi inapokwisha na miti kuchipua. Sasa kwa nini huku kwetu ije Julai, katikati ya kipupwe?

Sababu ni hesabu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Hauongezwi siku moja kila mwaka wa nne kama tunavyofanya Februari. Hivyo siku ya mwaka hurudi nyuma taratibu, siku moja kila miaka minne. Mnamo miaka ya 1870 ilikuwa mwishoni mwa Agosti.

Mwendo huo ni mdogo mno kumsumbua mtu katika uhai wake. Ndiyo maana wakulima na wavuvi wa pwani walihesabu miongo kujua wakati wa kupanda na wa pepo kugeuka. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo hauwezi kumwambia mkulima masika yanaanza lini.

Majira yamehama, lakini kazi ya sikukuu imebaki. Kogwa ni kuoga: watu huoga baharini kuuacha mwaka uliopita. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, kisha ugomvi wa mwaka mzima huhesabiwa umekwisha. Kibanda cha makuti huchomwa moto, aliyemo ndani akatoka mbio salama. Wanawake huimba, wakitoa hadharani yaliyowakaa moyoni. Halafu kila nyumba hupika na kutafuta mgeni, maana kukosa mgeni siku hiyo ni nuksi.

Basi ukialikwa Makunduchi, nenda ukale. Na kama una kinyongo na mwenyeji wako, hiyo ndiyo siku ya kukimaliza.